Mizar Juu ya Kibo, Alpha Centauri Juu ya Mpunga

Katikati ya Februari, saa kumi na robo alfajiri, mtu akisimama kwenye tuta la shamba la mpunga Rau, karibu na Moshi, na kuelekea mlimani ataiona Mizar, nyota ya katikati katika mkia wa Dubu Mkubwa, imekaa juu ya Kibo. Akiupa mlima kisogo, akatazama upande wa Chekereni na Mabogini, ataiona Alpha Centauri, ile kali zaidi kati ya nyota mbili zinazouonyesha Msalaba wa Kusini. Vimo vyao vinakaribiana sana: kila moja iko digrii 31 hivi juu ya upeo wa macho. Na kila moja, ukiitazama kwa darubini ndogo, inaachana na kuwa nyota mbili.

Wengi wa mabingwa walioijenga fani ya nyota pacha hawakuipata nafasi hiyo. William Herschel, aliyetoa orodha ya nyota pacha 269 mwaka 1782, aliishi Uingereza, ambako Alpha Centauri haichomozi usiku wowote wa mwaka. Mwanawe, John, alipotaka kulimaliza anga la kusini ilimbidi apande meli na familia yake na darubini yake hadi Rasi ya Tumaini Jema, akakaa huko kuanzia 1834 hadi 1838 na kuorodhesha jozi 2,102. Lakini kutoka Rasi Mizar hugusa tu ukingo wa kaskazini na kuzama. Baba aliliona anga moja, mwana akavuka bahari kulifuata la pili. Rau iko digrii 3 na ushei kusini mwa ikweta. Hapa meli haihitajiki, inatosha kugeuka.

Naliweka hilo mbele kwa sababu tumezoea kusikia kwamba mambo ya anga ni ya wenye vyombo vikubwa kwenye milima ya nchi za watu. Kwa magalaksi ya mbali hilo ni kweli. Kwa nyota pacha si kweli, na anayeishi chini ya Kilimanjaro ana sababu za kutosha za kulikataa.

Nyota pacha ziko za namna mbili. Wako pacha wa macho: nyota mbili zisizojuana, moja ikiwa mbali mara nyingi kuliko nyenzake, ila kwetu sisi zimepangana karibu katika mstari mmoja. Wako na pacha wa kweli, waliofungwa pamoja na mvutano, wanaozungukana kwa miaka, karne au milenia. Kwa jicho tu, hata kwa darubini, huwezi kumjua yupi ni yupi. Inabidi kusubiri uone kama wanasogea, na hapo ndipo subira inapokuwa kifaa cha kazi sawa na lenzi.

Historia ya fani hii ina tabia moja inayonichekesha: karibu kila aliyegundua kitu alikuwa akitafuta kingine. Robert Hooke alikuwa akifuatilia kometi, nyota yenye mkia, mwaka 1664 alipokuta kwamba nyota ya Gamma Arietis ni mbili. Mwaka 1685 mapadre Wajesuiti wa Ufaransa, wakiwa safarini kwenda Siam, walitia nanga Rasi ya Tumaini Jema na kutoa darubini zao ili wapime longitudo kwa kutumia miezi ya Mushtarii. Huko, katika ardhi ya Afrika, Padre Guy Tachard na wenzake wakaona kwamba Acrux, nyota ya mguuni mwa Msalaba wa Kusini, ni jozi. Miaka minne baadaye Mjesuiti mwingine, Jean Richaud, naye akiwa nyuma ya kometi, aliitenganisha Alpha Centauri akiwa Pondicherry, India.

Herschel mwenyewe alianza na lengo tofauti kabisa. Alikuwa mwanamuziki, mpiga kinanda wa kanisani mjini Bath, aliyejitengenezea darubini nyumbani. Alizitafuta nyota pacha akidhani ni pacha wa macho, ili ile ya karibu imsaidie kupima umbali wa nyota kwa jinsi inavyosogea mbele ya ile ya mbali kadiri Dunia inavyolizunguka Jua. Mwenzake John Michell alikuwa ameshatahadharisha mwaka 1767, kwa hesabu za bahati nasibu, kwamba jozi ni nyingi mno kuwa za kukutana kwa ajali. Herschel aliendelea kupima robo karne. Mwaka 1803 akatangaza kwamba Castor na baadhi ya nyenzake hazijakaa tuli: mmoja anamzunguka mwenzake. Umbali aliokuwa akiutafuta hakuupata. Alichopata ni ushahidi wa kwanza kwamba mvutano alioueleza Newton unafanya kazi hata nje ya familia ya Jua letu.

Mzee mmoja jirani, baada ya kuinama kwenye lenzi na kuiona Mizar imegawanyika, aliuliza, "Sasa kijana, hapo nani anamzunguka mwenzake?"

"Wote wawili, mzee. Wanazunguka mahali palipo katikati yao."

"Katikati kabisa?"

Swali la pili ndilo lenye mali. Si katikati kabisa: mahali hapo huwa karibu zaidi na aliye mzito. Ukijua ukubwa wa mzunguko wao na muda wanaoutumia kuumaliza, hesabu inakupa uzito wao wote wawili kwa jumla. Ukijua kila mmoja amejitenga kiasi gani na kitovu chao, unampa kila mmoja uzito wake. Nyota iliyo peke yake haina namna ya wazi hivyo ya kupimwa. Karibu yote tunayoyajua kuhusu uzito wa nyota yametoka, moja kwa moja au kwa kuzunguka, kwenye pacha hawa.

Sasa vyombo. Kinachoamua darubini itatenganisha jozi ipi ni kipenyo cha lenzi au kioo chake. Mchungaji Mwingereza wa karne ya 19, William Dawes, aliacha kanuni ambayo hata mwanafunzi wa darasa la sita anaimudu: chukua 116, gawanya kwa kipenyo kwa milimita, jibu ni pengo dogo kabisa darubini hiyo inaloweza kulionyesha, kwa sekunde za tao. Digrii moja ina sekunde hizo 3,600, na upana wa Mwezi mpevu ni kama 1,800. Darubini ya milimita 60, ile ndogo inayouzwa kama zawadi ya watoto, inafika sekunde 1.9. Ya milimita 114 inafika sekunde 1. Pengo la Mizar ni sekunde 14 na nusu hivi, kama taa mbili za mbele za gari lililoko Himo zikitazamwa kutoka Rau. Kwa kanuni ya Dawes hiyo ni kazi nyepesi hata kwa chombo cha mtoto.

Hapo ndipo nyota pacha zinapozishinda nebula na galaksi. Nebula huuawa na taa za mji na mbalamwezi. Pacha angavu hazijali. Mtu anaweza kusimama uani, taa ya jirani inawaka, Mwezi uko robo tatu, na Castor bado ni mbili. Ni anga la mtu anayeishi karibu na mji, na Moshi inazidi kuja Rau kila mwaka.

Ila usiliamini boksi. Darubini nyingi za bei nafuu huchapishwa ubavuni kwamba zinakuza mara 525 au mara 675. Ukizifuata namba hizo utaona doa la ukungu linalotetemeka. Kipimo kizuri ni mara mbili kwa kila milimita ya kipenyo, na hapo ni kwenye hewa tulivu: milimita 60 inakupa mara 120, basi. Aliye na darubini yenye lenzi nzuri na stendi mbovu afunge mfuko wa mchanga katikati ya miguu mitatu. Tofauti inaonekana papo hapo.

Moshi pia ina akiba ambayo hakuna anayeihesabu. Mji umejaa waongoza watalii, na wengi wao wana darubini za macho mawili, zile zinazokuza mara 8 au mara 10, wanazozitolea mikobani Tarangire na Serengeti kumtafuta chui mtini. Usiku zinalala. Darubini hiyo ikiegemezwa vizuri ukutani inaitenganisha Epsilon Lyrae kuwa mbili, na ya mara 10 iliyotulia inaweza kuigawa Albireo. Alpha Capricorni haihitaji hata hilo, jicho zima linaiona mbili. Na Mizar nayo ina jirani, Alkor, anayeonekana kwa jicho tupu na ambaye Waarabu walimwita Suha na kumtumia kupima nani ana macho makali. Mtoto akiitazama jozi hiyo kwa darubini kwa mara ya kwanza hasemi neno lolote kuhusu ulimwengu. Husema, "Babu, ziko tatu," kisha hutoa kichwa aangalie kwa macho yake, akaona mbili au moja, akarudi tena kwenye lenzi kuhakikisha hajadanganywa.

Juu ya Rau kama mahali pa kazi nina ya kusema zaidi, maana hapa ndipo vitabu vya wageni vinapoishiwa. Kibo iko kilomita 30 hivi kaskazini, na kilele chake cha mita 5,895 kinapanda kilomita 5 juu ya mashamba. Kwa macho ya aliye Rau mlima unakata digrii 9 hivi za anga la kaskazini. Hasara ni ndogo. Nyota ya Kaskazini, ambayo nayo ni jozi, iko chini ya upeo hata mlima usingekuwepo. Nyingine zote zenye sifa zinaupita mlima kwa juu. Anayeishi juu zaidi, Kirua au Kilema, ana tatizo jingine: kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, hakina anga. Migomba na mikahawa na miti ya kivuli imekula pande zote, na anachobakiwa nacho ni tundu utosini. Chini kwenye skimu ya umwagiliaji ya Moshi Chini, iliyojengwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980, tambarare iko wazi hadi kusini kabisa, na kusini ndiko hazina iliko.

Mlima unaleta shida yake kwa njia ya hewa. Usiku ardhi ya juu ikipoa, hewa nzito ya baridi huteremka mabondeni ikifuata njia zile zile za mito, ikachanganyika na hewa ya joto ya huku chini. Nyota zinametameta kwa uzuri wa kuimbiwa, na kwa mwenye darubini huo ni usiku mbaya. Pacha walio karibu huchemka pamoja wakawa kitu kimoja. Dalili ya usiku mwema ni nyota zisizometameta, zilizotulia kana kwamba zimechoka. Mara nyingi utulivu huo huja baada ya saa sita usiku au muda mfupi kabla ya kukucha, upepo ukishalala. Usielekeze darubini juu ya paa la bati jioni. Bati na zege hutoa joto la mchana kwa saa kadhaa. Shamba lenye maji au nyasi hupoa taratibu na kwa usawa, hivyo ni uwanja bora kuliko ua uliosakafiwa. Toa darubini nje nusu saa kabla ya kuitumia ili kioo kipoe kilingane na hewa.

Gharama ya uwanja huo ni umande na mbu. Rau ni mahali pa maji. Msitu wa Rau, hekta 570 hivi zenye mivule na misoo, umesimama juu ya maji ya chini ya ardhi, na unyevu wake unaonekana kwenye lenzi ikifika usiku wa manane. Karatasi ngumu iliyoviringishwa mbele ya lenzi inachelewesha umande kwa saa nzima au zaidi. Kwa mbu, mikono mirefu na soksi. Sina ushauri wa kisayansi zaidi ya huo.

Kalenda nayo ina ubishi. Juni, wakati Mizar na Alpha Centauri ziko juu kwa starehe saa mbili na nusu usiku, ndio mwezi wa baridi na mawingu mazito ya mlimani. Masika yanaharibu Machi hadi Mei. Ndiyo maana nilianza na alfajiri ya Februari: hewa ni kavu, na anayeamka kupeleka mboga sokoni au kuwahi basi yuko nje tayari.

Jioni za Januari na Februari ni za Orioni. Rigel hupita karibu kabisa na utosi wa Rau, na ubavuni mwake, sekunde 9 na nusu, kuna mwenzake mdogo anayefunikwa na mng'ao wake. Pengo ni pana lakini tofauti ya mwanga ni kubwa mno, hivyo ni mtihani mzuri wa usafi wa lenzi. Katika upanga wa Orioni, milimita 60 zinaonyesha nyota nne zilizobanana ndani ya nebula, nyota changa zilizozaliwa pamoja. Castor iko kaskazini, pengo lake sasa ni sekunde 5 na nusu hivi, na kila mmoja wa wawili hao ni pacha tena kwa ndani. Ukimhesabu na wa tatu aliye pembeni, familia nzima ni nyota sita. Darubini haiwezi kuwagawa zaidi, ila kujua kunabadilisha namna ya kutazama.

Julai hadi Oktoba, mawingu yakiruhusu, kuna Antares ndani ya Nge, nyekundu, na mwenzake hafifu sekunde 2.7 tu kutoka kwake. Wengi humwona wa kijani. Si kijani; jicho linadanganywa na wekundu wa jirani. Ukimpata kwa milimita 100 jihesabu mwenye bahati. Albireo yenyewe ni ya kuwaonyesha wageni: pengo sekunde 35, mmoja wa dhahabu, mwingine wa buluu. Rangi ni joto. Yule wa dhahabu ana nyuzi kama 4,000 usoni pake, yule wa buluu amepita 13,000. Wataalamu bado wanabishana kama hawa wawili ni pacha wa kweli au wapita njia. Naona aibu kidogo kukiri kwamba kwenye lenzi suala hilo halinishughulishi.

Kuhusu stendi, tahadhari moja. Darubini za bei ya kati mara nyingi huja na stendi inayoitwa ya ikweta, yenye mhimili unaopaswa kuinamishwa sawasawa na latitudo ya mahali. Ilibuniwa kwa ajili ya watu wa digrii 40 na 50. Rau, kwenye digrii 3, mhimili unatakiwa ulale karibu sambamba na ardhi. Stendi nyingi hazifiki huko, na uzito wa kusawazisha unagonga mguu. Stendi ya ikweta inashindwa karibu na ikweta. Nunua ile ya kawaida ya kwenda juu, chini, kulia na kushoto, au kisanduku cha mbao ambacho fundi seremala anaweza kukitengeneza. Na nyota zinazopita utosini kama Rigel usizipiganie zikiwa juu kabisa, maana bomba litagonga miguu na shingo itakulaumu kesho yake. Subiri saa moja ziinamie magharibi.

Porrima, ndani ya kundinyota la Mashuke, nayo hupita karibu na utosi wetu, na ina kisa kinachomfaa mtu mwenye subira. Wawili hao wanalingana mwanga na huzungukana kwa miaka 169. Mwaka 2005 walikaribiana kiasi kwamba hakuna darubini ndogo iliyoweza kuwagawa. Leo pengo limepita sekunde 3, na milimita 75 zinatosha. Aliyeitazama wakati ule akaandika "moja" kwenye daftari lake hakukosea, na anayeandika "mbili" sasa hakosei.

Alpha Centauri ndiyo inayoingia vizuri zaidi katika umri wa binadamu. Iko umbali wa miaka ya nuru 4.37, na mzunguko wa jozi yake ni miaka 80 kasoro kidogo. Walikaribiana kuliko wakati mwingine wowote wa mzunguko wao mwaka 1955, wakati Thomas Marealle alikuwa Mangi Mkuu wa Wachagga na serikali ilikuwa bado ya Mwingereza. Watarudi mahali hapo mwaka 2035. Aliyezaliwa Moshi mwaka ule wa 1955 atakuwa na miaka 80, na nyota hizo zitakuwa zimezungukana mara moja tu katika maisha yake yote. Wakiwa karibu wanatengana mara 11 ya umbali wa Dunia na Jua. Wakiwa mbali ni mara 35 na zaidi. Kwa kuwa tunauona mzunguko huo karibu kwa ubavu, pengo tunaloliona halifuati ukaribu wa kweli. Mwaka 2016 lilikuwa kama sekunde 4, tangu hapo linapanuka, kisha katika miaka ya 2030 litafumba kwa kasi. Mtoto wa darasa la tatu akianza kuichora leo, mara moja kila mwaka, ataliona badiliko hilo kabla hajamaliza ujana.

Ndugu wa tatu wa jozi hiyo, Proxima, aliyeko karibu nasi kuliko nyota yoyote baada ya Jua, aligunduliwa Johannesburg mwaka 1915 na Robert Innes. Innes aliacha shule akiwa na miaka 12, akawa mfanyabiashara wa mvinyo Sydney, na alianza kugundua nyota pacha kwa darubini ya kuazima. Wa namna yake alikuwepo Chicago pia: S. W. Burnham, mwandishi wa kumbukumbu za mahakamani, aliyekuwa akirudi nyumbani jioni kwenye darubini yake ya inchi 6. Mwaka 1906 alichapisha orodha ya jozi 13,665.

Kwetu habari za anga huja na kupatwa kwa Jua. Septemba 1, 2016, watu walifurika Rujewa, Mbeya, kuona pete ya Jua, na Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania amefanya kazi ya miaka mingi kuwazoesha wasomaji kutazama juu hata siku isiyo na tukio. Nairobi, Susan Murabana na mwenzake Chu Owen huzungusha darubini yao mashuleni. Hayo yote ni ya kuangalia. Ninachokitamani mimi ni hatua inayofuata, ya kupima.

Chombo kiko mfukoni. Funga simu kwenye lenzi ya darubini, ielekeze kwenye jozi, usiguse kitu, rekodi video nyota zikipita zenyewe kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kinachozisogeza ni Dunia kujizungusha, na mwendo huo unajulikana kwa usahihi mkubwa: nyota iliyo juu ya ikweta ya anga, kama Porrima kwa karibu, husogea sekunde 15 za tao kwa kila sekunde ya saa. Video ya fremu 30 kwa sekunde inakupa nusu sekunde ya tao kwa fremu. Ukijua nyota imevuka pikseli ngapi kwa sekunde kumi, unajua kila pikseli ina thamani gani, na pengo la pacha linapimika kwa rula kwenye skrini. Mwelekeo wa kupita ni magharibi kamili, hivyo pembe ya jozi nayo imepatikana bila dira. Rudia video mara kumi, chukua wastani.

Vipimo vya namna hii, vya wanafunzi na wapenzi wa kawaida, huchapishwa bure katika Journal of Double Star Observations, na hatimaye huingia kwenye orodha kuu ya dunia inayotunzwa Washington, yenye jozi zaidi ya 150,000. Kuna watakaosema setilaiti ya Gaia ya Ulaya imeshapima kila kitu. Imepima mengi kupita kiasi, ila nyota angavu sana zilikilemea chombo chake, na Alpha Centauri ni mojawapo. Pacha wakubwa wa anga letu bado wana nafasi ya mtu mwenye simu na stendi ya mbao.

Mwalimu wa hisabati wa kidato cha nne anayetafuta matumizi ya trigonometria aanze na Mizar, kwa sababu jibu lake linajulikana na wanafunzi watajipima wenyewe. Nyota zilizo mbali na ikweta ya anga husogea polepole zaidi, hivyo ile 15 lazima izidishwe kwa kosaini ya latitudo ya nyota angani. Mizar iko digrii 55 kaskazini, inabaki sekunde 8.6 za tao kwa kila sekunde ya saa. Alpha Centauri, kwenye digrii 61 kusini, inabaki 7.3. Jibu la Mizar linatakiwa kuwa 14 na ushei. Kundi litakaloleta 25 limesahau kosaini.